Masahihisho

Katika toleo la Jumanne, ukurasa wa tatu, safu ya chini,
chini ya tangazo la sabuni ya mawese,
tuliandika: Diwani azama Kibirizi akivua kwa starehe.
Isomeke: hakuwa mvuvi.
Mzaliwa wa Heru Juu, mtu wa milima na maharage,
maji aliyaogopa hata yakiwa kwenye karai.

Tuliandika: mwili uliopolewa alfajiri.
Isomeke: tuliukuta saa mbili, umelazwa juu ya kokoto,
soksi kavu, kola kavu,
na saa mkononi inatembea,
ile ya kutiwa ufunguo, isiyostahimili hata jasho.
Msabaha aliinama akaitegea sikio
kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa,
akasema, "Inakwenda vizuri kuliko yangu."
Tulicheka. Hilo nalo halikuandikwa.

Tuliandika: ameacha mjane na watoto watano.
Isomeke: na swali,
aliloliuliza kikaoni Alhamisi, amesimama, kalamu sikioni:
fedha za gati zimelala kwa nani?

Tuliandika: na Mwandishi Wetu, Kigoma.
Isomeke: waandishi wanne, meza moja,
hoteli ile ya juu ya stesheni,
supu ya kuhe, ndimu, pilipili,
karatasi iliyokwisha kupigwa chapa
na bahasha nne za kaki, kila moja kando ya bakuli lake.
"Nauli," alisema mwenyeji wetu, mtu mpole, mwenye miwani.
Nauli!
Mimi nakaa Mwanga. Nilikwenda kwa miguu.

Hakuna aliyeniambia niandike uongo, Mwavita. Hapo nielewe.
Niliulizwa tu kama nimeshiba.

Magazeti yalifika na treni siku ya tatu,
behewa lilikuwa limeacha reli huko Uvinza.
Wewe hukulia. Uliyanunua yote manne,
ukayatandaza jamvini, ukapitisha kidole
mstari kwa mstari, kama ulivyofundishwa chuoni Ujiji,
ukaona wasichokiona wahariri wanne:
mumeo, Bitaliho,
kote ameandikwa Bitalio.
H imedondoka, ileile, mahali palepale,
katika magazeti manne yasiyosalimiana.

Ukaja mlangoni kwangu, mkasi ungali mkononi.
"Makosa haya," ulisema, "yamenyonya ziwa moja."
Nikakujibu ni mtambo, ni fundi chapa, ni haraka.
Nilikuwa na majibu mengi siku zile.
Mengine bado yamo kwenye droo.

Msabaha alipata gari, kisha ofisi yenye zulia.
Gwimo aliacha kazi, anauza saruji Kasulu,
tukikutana tunaongelea bei ya mfuko.
Kahamba alikwenda Dar na daftari lake la siku ile,
akasema ana mtu wa kumwonyesha.
Tuliandika: amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi.
Niliyeandika ni mimi.
Sikuuliza ugonjwa gani.

Wiki iliyopita nimepeleka haya yote kwa mhariri,
kurasa sita, kwa mkono wangu, wino wa bluu.
Kijana, ana adabu, aliniinukia kiti.
"Mzee, chanzo chako ni nani?"
Nikasema, mimi.
"Na chanzo cha pili?"
Nikataja saa. Nikataja soksi.
Akasoma mpaka mwisho, nakupa haki yake, akasoma mpaka mwisho,
akatazama mlango,
akaniambia nafasi iliyopo ni mistari minne.

Kwa hiyo kesho, Mwavita, fungua ukurasa wa tatu:

*Katika toleo letu la zamani
jina la marehemu diwani lilikosewa.
Ni Bitaliho, si Bitalio.
Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.*

Mkasi unao.